Gundi ya mgunga wa Garissa na dawa iliyo katika chupa yako

MSOMAJI, chukua chupa yoyote ya dawa ya maji iliyo nyumbani kwako, hasa ile ya mtoto, usome karatasi iliyobandikwa juu yake. Mara nyingi utakuta umeagizwa uitikise chupa kabla ya kutumia. Je, umewahi kujiuliza ni kwa nini? Je, wajua kwamba wazazi wengi hulipuuza agizo hilo, na kwamba kulipuuza kunaweza kumfanya mtoto apewe dawa kidogo mno siku ya kwanza na nyingi mno siku ya mwisho?

Jibu la swali hilo litatupeleka mbali na duka la dawa. Litatufikisha kwenye nyika za Garissa, Wajir na Mandera, katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambako wafugaji huokota gundi inayotoka kwenye mgunga. Gundi hiyo ni miongoni mwa vitu vya kale zaidi ambavyo binadamu ametumia kuyashika mafuta ndani ya maji yasijitenge. Imo katika dawa, katika soda, katika peremende na katika vidonge. Huenda umeimeza leo bila kujua.

Ni vyema basi tuijue: inafanyaje kazi, inatayarishwa vipi, ina faida gani mwilini, na ni wapi tunapodanganywa kuihusu.

Mafuta, maji na mshenga wao

Kila mpishi anajua kwamba mafuta na maji havipatani. Ukivikoroga pamoja katika bilauri vitachanganyika kwa muda mfupi tu, kisha mafuta yatapanda juu na maji kubaki chini. Lakini yako mafuta yanayokaa ndani ya maji kwa muda mrefu. Mfano ulio karibu ni maziwa. Ndani ya maziwa kuna matone madogo mno ya mafuta, yaliyotapakaa kote katika maji, na ndiyo sababu moja ya maziwa kuonekana meupe. Watu wa Garissa wana mfano bora zaidi: maziwa ya ngamia. Matone yake ya mafuta ni madogo na hayashikani upesi, kwa hivyo maziwa hayo huchelewa sana kufanya malai juu yakilinganishwa na ya ng'ombe.

Mchanganyiko wa namna hii, ambamo matone ya kitu kimoja yametawanyika ndani ya kitu kingine ambacho hakipatani nacho, wataalamu huuita emulsheni. Chupa ile ya mafuta ya ini la samaki yenye picha ya mvuvi aliyebeba samaki mkubwa mgongoni, ambayo wengi wetu tulinyweshwa utotoni huku tumebanwa pua, inaitwa Scott's Emulsion kwa sababu hiyo hiyo.

Ili emulsheni isimame lazima awepo mshenga. Kama vile mshenga anavyokaa kati ya koo mbili ambazo hazijazoeana, akiwa anajulikana na pande zote, ndivyo gundi inavyokaa kati ya mafuta na maji. Gundi ya mgunga ni polima, yaani molekuli ndefu iliyoungwa kwa vipande vidogo vingi mithili ya shanga za tasbihi. Vipande vyake vingi ni vya sukari za aina mbalimbali zinazopenda maji. Lakini sehemu ndogo ya molekuli hizo, kama moja katika kila kumi, imeunganishwa na protini, na protini hiyo hupenda kushika mafuta. Basi protini hujibandika juu ya tone la mafuta, na matawi ya sukari hutanda nje kwenye maji. Kila tone huvikwa koti. Matone mawili yaliyovaa makoti yakikutana hayaungani, kwa kuwa makoti yanazuiana.

Ajabu nyingine ya gundi hii ni wepesi wake. Gundi nyingi za mimea zikitiwa majini kwa kiasi cha asilimia moja au mbili tu hufanya uji mzito. Gundi ya mgunga huweza kuyeyuka hata ikawa nusu ya mchanganyiko mzima. Ndiyo maana inafaa kwa vinywaji: hushika mafuta bila kukigeuza kinywaji kuwa uji.

Mti wenye miiba na hazina

Si kila mgunga unatoa gundi hii. Ile bora hutoka kwenye mti ambao kwa muda mrefu kitaalamu uliitwa Acacia senegal, na siku hizi wataalamu wa mimea wanauita Senegalia senegal. Wasomali huuita adaad, nayo gundi kwa jumla huiita habak. Wafanyabiashara wa kimataifa wanaijua kwa jina la gamu arabiki. Mti wa pili unaokubaliwa ni Acacia seyal, ambao sasa unaitwa Vachellia seyal, ingawa gundi yake haishiki mafuta vizuri kama ya kwanza.

Kaskazini mwa Kenya, mgunga huo ni wa namna inayoitwa kerensis. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba gundi ya kerensis huwa na molekuli kubwa na protini nyingi kuliko gundi ya kawaida ya Sudan. Kama tulivyoona, protini ndiyo inayoshika mafuta. Hii ina maana kwamba kile ambacho mfugaji wa Modogashe anakiokota chini ya jua kali si mali hafifu.

Gundi hutoka mti unapojeruhiwa, ama kwa kukatwa, ama kwa wadudu, ama kwa gome kupasuka wakati wa ukame. Mti hulia machozi ya rangi ya kaharabu, nayo hukauka kwenye tawi. Majira ya kuyaokota ni ya kiangazi: jilaal, kuanzia Januari hadi Machi, na hagaa, kuanzia Julai hadi Septemba. Mvua ikinyesha, machozi hayo huoshwa na kupotea. Ona hekima ya jambo hili: gundi hupatikana wakati ule ule malisho yamekauka na maziwa yamepungua. Kwa akina mama na vijana wanaochunga mifugo, ni fedha inayopatikana wakati nyingine zimekatika.

Sudan ndiyo inayotoa gundi nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Umuhimu wake ulionekana mwaka wa 1997, wakati Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo vya biashara. Gundi ya mgunga iliruhusiwa kuendelea kununuliwa, kwani viwanda vya vinywaji na dawa havikuwa na kitu cha kuichukulia nafasi kwa urahisi. Vita vilivyoanza Sudan mwezi wa Aprili 2023 vimewafanya wanunuzi watazame nchi nyingine, na Kenya ni mojawapo. Jijini Nairobi kuna mtandao wa nchi za Kiafrika zinazotoa gundi, NGARA, ambao umefanya kazi pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, kuwafunza waokotaji namna ya kuitunza. Lakini kama tutakavyoona, soko hilo linategemea usafi na uaminifu.

Jinsi emulsheni inavyotengenezwa

Huhitaji kiwanda kuyaona haya kwa macho yako. Wafamasia wa zamani walitengeneza emulsheni kwa mkono, na wanafunzi wa famasia wangali wanafunzwa njia hiyo. Kanuni yake ni rahisi kukumbuka: nne, mbili, moja. Mafuta sehemu nne, maji sehemu mbili, gundi sehemu moja.

Chukua mililita 40 za mafuta ya kupikia, mililita 20 za maji yaliyochemshwa yakapoa, na gramu 10 za gundi safi iliyosagwa. Tumia kinu kidogo na mchi, viwe vikavu kabisa. Tia gundi kinuni, umimine mafuta juu yake, ukoroge kidogo tu mpaka unga wote ulowane. Kisha mimina maji yote kwa mara moja, wala usiyatie kidogo kidogo. Hapo hapo anza kusaga kwa nguvu na kwa kasi, ukizungusha mchi upande mmoja bila kupumzika. Baada ya dakika chache utaona mchanganyiko umegeuka kuwa mweupe na mzito kama malai, na utausikia ukialika chini ya mchi. Mlio huo ndio dalili kwamba emulsheni imeshika. Sasa unaweza kuongeza maji kidogo kidogo mpaka upate wepesi unaoutaka.

Ukiona mafuta yanaelea juu na mchanganyiko haugeuki mweupe, jua umekosea mahali. Huenda kinu kilikuwa na majimaji, au ulisaga polepole, au gundi haikuwa safi. Anza upya, kwa kuwa mara nyingi haurekebishiki.

Iwapo unatumia mafuta mepesi yenye harufu, kama yale ya maganda ya chungwa au mkaratusi, gundi inahitajika zaidi: mafuta mawili, maji mawili, gundi moja. Viwanda vya soda vinafuata msingi huo huo, ila badala ya mchi vinatumia mashine zinazosukuma mchanganyiko katika tundu jembamba kwa nguvu kubwa, hata matone yakawa madogo yasiyoonekana kwa macho. Tazama chupa ya soda ya machungwa yenye rangi ya ukungu. Ukungu ule ni matone ya mafuta yenye ladha. Kwenye orodha ya viungo huenda ukaona namba 414. Hiyo ndiyo gundi ya mgunga.

Mara nyingine utaona pia namba 445, kitu kinachotokana na utomvu wa msonobari. Kazi yake ni kuyapa mafuta uzito ili yasipande shingoni mwa chupa. Zamani viwanda vingine vilitumia mafuta ya mimea yaliyotiwa bromini kwa kazi hiyo. Mnamo Julai 2024 idara ya chakula na dawa ya Marekani iliondoa ruhusa ya kuyatumia, baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba yanaweza kudhuru tezi ya shingo. Ni vizuri basi kuzoea kusoma viungo.

Angalizo: unapoisaga gundi funika pua na mdomo kwa kitambaa. Zamani wafanyakazi wa viwanda vya uchapishaji waliovuta hewa iliyojaa gundi hii walipata pumu, hata ugonjwa huo ukaitwa pumu ya wachapishaji. Na jaribio hili ni la kujifunza au la kutengeneza kachumbari. Usimtengenezee mtoto dawa nyumbani.

Kwa nini utikise chupa

Sasa turudi kwenye agizo lile la chupani. Emulsheni hata iwe nzuri namna gani haikai milele. Inaweza kuharibika kwa njia mbili, nawe mzazi inakupasa uzitofautishe.

Njia ya kwanza ni kupanda kwa malai. Matone ya mafuta hupanda juu yakakusanyika, lakini kila moja bado limevaa koti lake. Hii si hasara. Ukitikisa chupa, yanatawanyika tena na dawa inakuwa sawa kama ilivyokuwa.

Njia ya pili ni kupasuka. Makoti yamevuka, matone yameungana, na mafuta yamejitenga yakawa tabaka moja juu. Hapa hata utikise mpaka mkono uchoke, baada ya muda mfupi yatajitenga tena. Dawa kama hiyo usiitumie. Irudishe kwa mfamasia. Husababishwa na joto kali, kuganda kwa baridi, kuingia kwa pombe au viini, au muda wake kuisha. Katika mji kama Garissa, ambako joto la mchana hupanda kupita nyuzi 35, chupa iliyoachwa dirishani au ndani ya gari inaweza kuharibika kabla ya tarehe iliyoandikwa.

Ziko pia dawa za watoto ambazo si mafuta bali ni unga uliotawanywa katika maji, kama vile dawa nyingi za kuua viini. Hizi nazo hushikwa na gundi za aina mbalimbali ili unga usitue upesi, lakini polepole hutua. Usipotikisa, vijiko vya kwanza ni maji matupu yenye dawa kidogo, na vya mwisho ni mashapo yenye dawa nyingi kupita kiasi. Mtoto hapati nafuu mwanzoni, viini navyo vinapata nafasi ya kuizoea dawa, na mwishowe anaweza kutapika au kudhurika. Sekunde chache za kutikisa zinazuia yote hayo. Tikisa mpaka chini ya chupa pasibaki kitu kilichoshikamana, kisha pima mara moja kwa kijiko au kikombe kilichokuja na dawa, si kwa kijiko cha chai.

Je, gundi yenyewe ni dawa?

Katika masoko ya miji yetu utasikia ikisifiwa kwamba inatibu figo, kisukari, tumbo na hata ugumba. Ukweli uko wapi?

Lililo hakika ni kwamba gundi ya mgunga ni aina ya nyuzinyuzi za chakula zinazoyeyuka. Tumbo letu haliwezi kuivunja. Hupita mpaka utumbo mpana, na huko bakteria wema huila na kutoa asidi ndogo ndogo zinazolisha ukuta wa utumbo. Mwaka wa 2021 idara ya chakula na dawa ya Marekani ilikubali ihesabiwe kuwa nyuzinyuzi za chakula, baada ya kuona ushahidi kwamba ikiliwa kwa wingi pamoja na chakula hupunguza kupanda kwa sukari ya damu baada ya mlo. Kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo haikuiwekea kikomo cha matumizi ya kila siku, kwa kuwa haikuona sumu ndani yake. Isitoshe, inatoka kwenye mti, kwa hivyo wale wanaoepuka jelatini ya wanyama katika peremende na vidonge wanaweza kuitumia bila wasiwasi.

Kuhusu figo, mwaka wa 1996 ulichapishwa utafiti wa Marekani juu ya wagonjwa 16 wenye figo dhaifu waliokuwa wakila chakula chenye protini kidogo. Walipopewa gramu 50 za gundi kwa siku, urea katika damu yao ilipungua, kwa sababu bakteria wa utumbo waliichukua sehemu ya takataka hiyo ikatoka na choo. Ni habari ya kutia moyo. Lakini msomaji, zingatia: watu hao walikuwa 16 tu, walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari, na figo zao hazikupona. Gundi haiwezi kuondoa maji yaliyozidi mwilini, wala haifanyi kazi ya mashine ya kusafisha damu. Mgonjwa anayeacha kwenda kusafishwa damu kwa sababu ameuziwa gundi sokoni anahatarisha maisha yake. Vivyo hivyo mgonjwa wa kisukari asiache dawa zake. Wala soda haigeuki kuwa dawa kwa kuwa ina namba 414. Sukari iliyomo ni ile ile.

Anayeanza kutumia gundi kama nyuzinyuzi aanze na kiasi kidogo, kijiko kimoja cha chai ndani ya bilauri ya maji, na aongeze polepole. Ukianza na nyingi utajaa gesi au utaharisha. Kunywa maji ya kutosha.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui. Mwaka wa 2004 watafiti nchini Sudan walionyesha kwamba gundi ikinywewa pamoja na amoksisilini, dawa hiyo huingia mwilini kwa kiasi kidogo kuliko inavyotakiwa. Kwa hiyo usimeze dawa kwa maji ya gundi. Tenganisha viwili hivyo kwa saa kadhaa, na umuulize mfamasia wako.

Ubani na manemane si gundi ya kunywa

Nyika hizo hizo za Kaskazini Mashariki hutoa ubani, manemane, ambayo Wasomali huiita malmal, na ile iitwayo hagar. Vitu hivi huuzwa duka moja na gundi ya mgunga, na wanunuzi huvichanganya. Tofauti yake ni kubwa. Gundi ya mgunga huyeyuka yote majini. Ubani na manemane ni gundi iliyochanganyika na utomvu na mafuta ya harufu. Chukua kipande cha manemane ukisage kwa maji: utaona maji yamekuwa kama maziwa ya rangi ya njano ya kahawia. Hiyo ni emulsheni ya asili! Sehemu ya gundi imeyeyuka, nayo imeyashika matone ya utomvu. Mti umeleta mafuta na mshenga wake pamoja.

Wafugaji wanaijua siri hiyo tangu zamani. Husaga hagar kwa maji wakapaka mifugo ili kufukuza kupe. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008 ulithibitisha kwamba hagar, inayotoka kwenye mti wa Commiphora holtziana, kweli huwafukuza kupe wa ng'ombe.

Hata hivyo, kinachofaa kwa ngozi ya ngamia si lazima kifae kwa tumbo la binadamu. Mama mjamzito asinywe manemane. Mtoto mchanga asipewe chochote katika vitu hivi; aliye chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama peke yake.

Namna ya kuitambua iliyo safi

Gundi nzuri ni vipande vya mviringo, vya rangi nyeupe hadi kaharabu, vinavyovunjika kama kioo. Haina harufu na karibu haina ladha. Ukiilamba na ikawa chungu au ikakaza ulimi, hiyo ni ya mti mwingine au ina gome. Itie katika maji mara mbili ya uzito wake uiache usiku kucha. Inapaswa kuyeyuka yote ikawa asali nyepesi. Ikiacha mlenda uliovimba au mchanga mwingi chini, usiitumie.

Ikiwa umenunua ya unga, kuna jaribio rahisi. Chemsha kidogo katika maji, uache ipoe, kisha dondoshea tone moja la ayodini ya kusafishia vidonda. Ikigeuka buluu au nyekundu, imechanganywa na wanga. Mwaga uliyoijaribu, usiinywe.

Ole wetu pia ni mathenge. Mti huu ulioletwa nchini miaka ya 1970 na 1980 kuzuia jangwa umeenea kando ya mto Tana, nao hutoa gundi inayofanana sana na ya mgunga. Gundi hiyo haimo katika zile zinazoruhusiwa kuuzwa kwa jina la gamu arabiki. Mwokotaji akiichanganya ili gunia lijae upesi, mnunuzi akaigundua katika maabara, shehena yote hukataliwa, na jina la kaunti nzima huchafuka.

Usafi huanza mtini. Aokotaye anapaswa kutumia kikapu au mfuko wa nguo, si wa plastiki unaofungia unyevu na kuleta ukungu. Aianike kivulini juu ya mkeka, mbali na mifugo, na asichanganye gundi ya miti tofauti. Viwango vya kimataifa vinataka gundi isiwe na viini vya salmonela wala E. koli hata kidogo, na unyevu wake usizidi asilimia 15.

Kinachooza na kisichooza

Polima iko katika plastiki pia. Tofauti ni kwamba bakteria wa udongoni hawajui kuila plastiki, na ndiyo sababu mbuzi wa miji yetu walikuwa wakifa wakiwa na mifuko tumboni hata Kenya ikaipiga marufuku mifuko ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017. Gundi ya mgunga huliwa na bakteria wa tumboni na wa udongoni, ikaisha.

Sifa hiyo inakuja na gharama yake. Kinachooza udongoni huoza chupani pia. Emulsheni uliyoitengeneza bila kihifadhi iweke kwenye jokofu na uimalize siku hiyo hiyo au kesho yake. Ikitoa harufu ya uchachu, mwaga.

Lakini inaleta pia tumaini. Mwaka wa 2010 watafiti wa Malaysia walichapisha matokeo ya kuchovya nyanya katika maji yenye asilimia 10 ya gundi ya mgunga. Gundi ilikauka ikawa utando mwembamba unaolika, na nyanya zikachelewa kuiva, zikadumu siku 20 katika nyuzi 20 za joto. Wakulima wa kando ya Tana wanaopanda nyanya, ndizi na maembe na kuyaona yakioza njiani kwenda sokoni wana sababu ya kulifuatilia jambo hilo. Gundi na nyanya vyote viko kaunti moja.

Yote haya yatawezekana tu ikiwa mgunga utaendelea kusimama. Mti unaokatwa kwa makaa hulipa mara moja. Mti unaoachwa hulipa kila kiangazi, na majani na maganda yake hulisha mbuzi.

Basi msomaji, leo jioni unapompa mtoto dawa, soma karatasi ya chupa, itikise vizuri, upime sawasawa. Ukiona mafuta yamejitenga na hayarudi, usibahatishe, mwendee mfamasia. Na ukiuziwa gundi kama tiba ya kila ugonjwa, kumbuka kwamba ni chakula kizuri na mshenga hodari, lakini haichukui nafasi ya daktari wako.